Mvuvi na Ndoana Yake: Besi wa Naivasha na Njia ya Kufikia Maji

Jumamosi moja karani mmoja wa Nakuru alishuka katika matatu kando ya barabara ipitayo kusini mwa Ziwa Naivasha. Begani alikuwa amechukua fimbo ya kuvulia yenye urefu wa futi 12, na mkononi mfuko uliojaa ndoana, machubwi ya risasi na mshipi mnene. Fimbo hiyo aliuziwa na mtu aliyekuwa akiitumia baharini huko Malindi, naye aliinunua kwa sababu ilikuwa ndefu na yapendeza macho. Nusu ya mshahara wake wa mwezi ilikwisha humo. Alifuata ua wa waya mpaka akafika penye lango la shamba moja, na nyuma ya lango hilo, umbali wa kama yadi 300, akayaona maji yaking'aa.

Askari wa lango, mtu mzima mwenye mvi, alimwamkia vizuri akamwuliza haja yake.

“Naenda ziwani kuvua, mzee,” akasema karani.

“Una barua ya meneja?”

“Barua ya nini? Ziwa ni mali ya umma. Hata Katiba imesema hivyo.”

“Sikatai, kijana wangu. Ziwa ni la umma. Lakini ardhi utakayoikanyaga mpaka ufike huko ina mwenyewe, na mimi nimewekwa hapa niilinde. Ofisi iko pale penye miti. Nenda ukaombe, mara nyingine hukubali.”

Karani aliona kwamba anadharauliwa. Aliaga kana kwamba arudi barabarani, akaenda kama robo maili, kisha akapenya kati ya nyaya. Alivua kwa muda wa saa mbili, wala hakupata kitu ila majani. Chubwi lake, zito kama yai la kuku, lilianguka majini kwa kishindo kilichotosha kufukuza kila samaki aliyekuwa karibu. Hatimaye watu wa shamba walimwona, wakampeleka ofisini, naye akaonywa na kuachiliwa. Karani akadhani mambo yamekwisha. Juma lililofuata alipata habari kutoka kwa mama mmoja auzaye chai njiani ya kwamba yule mzee wa lango aliulizwa kwa nini mtu alipita katika zamu yake, akakatwa mshahara wa siku tatu.

Kama ni haki kumkata mzee mshahara kwa kosa la mtu mwingine, hilo ni swali la kujibiwa na meneja. Lakini karani alikuwa na makosa mawili yake mwenyewe, nayo yalikuwa na shina moja. Alinunua vyombo kabla hajajua atasimama wapi, na alipofika, alijitafutia kwa nguvu mahali pa kusimama ili asione hasara ya vyombo. Mvuvi mwenye busara hufanya kinyume cha hayo. Kwanza huuliza ni wapi aruhusiwapo kusimama, kisha huchagua fimbo, mshipi na ndoana za kufaa mahali hapo.

Yafaa kwanza samaki mwenyewe ajulikane. Besi mwenye mdomo mkubwa, ambaye wengine humwita besi mweusi, si mwenyeji wa Naivasha. Asili yake ni Marekani, naye alitiwa ziwani humo mwaka 1929 kwa ajili ya wapenda kuvua kwa fimbo. Perege walikuwa wametangulia mwaka 1925. Kabla ya hapo ziwa hilo kubwa lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo kama kidole, naye hajaonekana tangu mwaka 1962. Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa maji matamu, atokaye Louisiana, na tangu hapo kamba huyo amekuwa chakula kikubwa cha besi. Karibu kila kiumbe mvuvi atakachokivua Naivasha kililetwa na mtu, na ziwa hilo limepata hasara na faida kwa ajili hiyo. Kwa sababu hiyo ni vibaya sana kuchukua samaki walio hai kutoka bwawa moja na kuwatumia kama chambo katika maji mengine. Ndoo moja ya maji yaweza kubeba kitu ambacho vizazi vitatu havitaweza kukiondoa.

Besi ni samaki wa kuvizia. Hazunguki ziwani akitafuta kama afanyavyo mbwa mwitu porini, bali hujificha kivulini akingoja kitu kipite, na kipitapo hukirukia kwa ghafula. Macho yake ndiyo silaha yake. Basi hukaa penye maficho, kama kando ya mafunjo, chini ya magugu maji yanayoelea, na penye magogo. Tangu maji ya Naivasha yalipopanda sana mwaka 2020, iko pia migunga mingi iliyokufa imesimama majini, na nguzo za ua zilizozama. Maficho hayo huwapendeza besi. Aghalabu samaki hayuko mbali. Mara nyingi yuko hatua ishirini tu kutoka ukingoni, na mvuvi atupaye chubwi lake yadi 100 humpita juu ya kichwa.

Hapo ndipo ionekanapo kwa nini fimbo ya futi 12 haikumfaa karani. Fimbo ya pwani imetengenezwa ngumu ili irushe risasi ya wakia nne au zaidi kuvuka mawimbi. Chambo cha bandia cha kumvulia besi huwa na uzito wa robo wakia mpaka nusu wakia, yaani kama gramu 7 mpaka 15. Kitu chepesi namna hiyo hakiwezi kuikunja fimbo ngumu, na fimbo isiyokunjika haina nguvu ya kurusha. Ni sawa na kumpiga inzi kwa mchi.

Fimbo ifaayo ni ya futi 6 mpaka 7, yenye ncha laini na kiuno chenye nguvu. Anayevulia mashuani na achukue ya futi 6, kwa maana mashua ni nyembamba na fimbo ndefu humgonga mwenzake. Anayesimama ufukoni na achukue ya futi 7, apate kurusha mbali kidogo na kuuinua mshipi juu ya majani. Ziko fimbo za nyuzi za kioo na ziko za kaboni. Za kaboni ni nyepesi, tena mkono husikia kila kidole cha samaki kinavyogusa chambo, kama mtu aweza kusema samaki ana vidole. Lakini mlango wa matatu ukiifungia mara moja, imekwisha. Za nyuzi za kioo ni nzito kidogo, bei yake ni nafuu, nazo huvumilia taabu. Kwa mtu asiye na gari lake, fimbo ya nyuzi za kioo yenye vipande viwili ni bora kuliko ya kaboni ya kipande kimoja, hata muuza duka aseme nini.

Rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, ni ya namna mbili. Iko ile ambayo gurudumu lake huzunguka wakati wa kurusha, na iko ile ambayo gurudumu husimama na mshipi hutoka wenyewe mbele. Ya kwanza ni chombo kizuri mikononi mwa fundi, lakini mgeni akiitumia hupata fundo la mshipi kama kiota cha ndege, na asubuhi nzima hupita akilifungua. Anayeanza na achague ya pili. Mshipi ujazwe mpaka ubaki upana mdogo tu chini ya ukingo wa gurudumu. Ukiwa haba, hautoki vizuri, na ukizidi, humwagika wote kwa mara moja. Tena rili ina skrubu ya breki. Watu wengi huikaza mpaka mwisho wakidhani samaki hatapata nafasi ya kukimbia, kumbe wamempa nafasi ya kuukata mshipi. Kanuni nzuri ni breki ilegee ivutwapo kwa nguvu ya kama robo ya ile mshipi uwezayo kuvumilia.

Kwa mshipi, nailoni ya nguvu ya ratili 10 au 12 yatosha mahali pa wazi. Karibu na mafunjo au miti iliyozama ni afadhali ratili 15 mpaka 20, kwa sababu besi akishikwa hurudi mafichoni mara moja, na kumzuia ni kazi ya dakika ya kwanza. Mshipi mnene kupita huo huonekana majini na huzuia chambo kuogelea. Nailoni huharibiwa na jua. Mshipi uliokaa dirishani dukani mwaka mzima huonekana mpya, lakini ukivutwa kwa mikono hukatika kama uzi wa kushonea. Mnunuzi asione haya kuomba kipande akijaribu. Na kila baada ya samaki mmoja, au baada ya kukwama, mvuvi na apitishe yadi moja ya mwisho kati ya vidole. Akisikia mkwaruzo, akate sehemu hiyo na kufunga upya. Fundo lenyewe lilowe mate kabla ya kukazwa, kwa maana nailoni kavu ikikazwa hujichoma kwa msuguano.

Ndoana ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote, nacho ndicho watu hukifanyia ubahili. Ndoana na ikokotwe polepole juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali. Mdomo wa besi ni mgumu, na ndoana butu humkuna tu. Ndoana zenye meno matatu huuzwa pamoja na vyambo vingi vya bandia, nazo ni nzuri mahali pasipo na majani. Penye majani hunasa kila kitu isipokuwa samaki. Huko hufaa zaidi mnyoo wa plastiki uliochomwa ndoana moja, kisha ncha ikarudishwa na kufichwa ndani ya mnyoo, na chubwi dogo lenye umbo la risasi ya bunduki likatangulia mbele yake. Chombo hicho hupita katikati ya matete bila kushika, na besi anapouma ncha hutokea. Rangi ya hudhurungi au nyekundu iliyofifia hufanana na kamba, na mwenye akiba ya fedha ya chambo kimoja tu na aanze na hicho.

Vijiko vya bati ving'aavyo na vyambo vyenye jani lizungukalo ni vizuri ufukoni palipo wazi, kwa sababu hurushwa mbali na huonekana hata maji yakiwa na tope kidogo. Alfajiri, kabla upepo haujaanza, chambo kielea juu ya maji huweza kumfanya besi aruke nje mzima. Walakini mtu asinunue vyote. Katika maduka ya mijini zipo rangi zilizotengenezwa kumvua mvuvi, si samaki. Vijiko viwili, minyoo dazani moja ya rangi mbili, ndoana kumi, machubwi machache, koleo la kutolea ndoana, mkasi na wavu mdogo wa kuinulia: hivyo hutosha mwaka mzima, na hupungua chini ya bei ya ile fimbo ya Malindi.

Sasa yafuata habari ya miguu, ambayo ni ngumu kuliko ya mikono.

Karani hakukosea alipoitaja Katiba. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 huhesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma. Lakini hakuna kifungu kisemacho ya kwamba kila shamba lililo kati ya barabara na ziwa limekuwa njia. Sheria ya Kenya juu ya kuingia ardhi ya mtu husema kwamba anayeingia katika ardhi ya faragha bila idhini ya mkaaji wake na bila sababu ya haki ametenda kosa. Tena mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na idhini au sababu humwangukia mshtakiwa mwenyewe. Mambo hayo mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Maji ni ya wote, na mlango wa kwenda majini waweza kuwa wa mtu mmoja.

Ugomvi wa Naivasha una mizizi ya zamani. Jina lenyewe latoka katika lugha ya Kimasai, nalo lahusu maji yanayochafuka kwa upepo. Ng'ombe wa Wamasai walikunywa hapo kabla ya kuwapo waya wowote. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamasai waliondolewa katika sehemu hiyo ya Bonde la Ufa, na mashamba ya walowezi yakapimwa kuzunguka ziwa. Ndipo likatokea jambo ambalo wapimaji hawakuweza kulizuia. Naivasha haina mto wa kutoka juu ya ardhi. Mito ya Malewa na Gilgil huingia, na kimo cha maji hupanda na kushuka kwa mvua na ukame, na siku hizi pia kwa kiasi kinachovutwa kunyweshea mashamba. Maji yakishuka, nchi kavu hutokea mbele ya shamba. Yakipanda, shamba huzama. Je, nchi hiyo iliyotokea ni ya nani?

Jibu lililopatikana mapema katika miaka ya 1930 lilikuwa hivi: mpaka wa mashamba ukahesabiwa kwa kimo fulani cha maji kilichopimwa zamani, si kwa ukingo wa siku ile. Ardhi iliyo chini ya kimo hicho ilihesabiwa kuwa ya serikali, na majirani wa ziwa wakaruhusiwa kuitumia kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba wasijenge humo majengo ya kudumu. Ruhusa ya kutumia si hati ya kumiliki. Tena si njia ya watu wote kupita shambani. Jirani asemaye “ziwa ni langu” amekosea, na mgeni asemaye “ukingo ni wangu” amekosea vilevile, na wote wawili huweza kukaa wakibishana mahali ambapo mwaka ujao patakuwa chini ya maji. Mwaka 2020 hata nyumba za watu wa Kihoto, karibu na mji, ziliingiliwa na ziwa, na wengi walihama na vyombo vyao kichwani.

Kuna wadhanio pia kwamba ile kanuni ya mwaka 2006, ikatazayo kulima na kujenga kando ya mito katika ukanda wa mita 6 mpaka 30, imewapa wavuvi njia ya kupita. Sivyo. Kanuni hiyo yalinda maji yasiharibiwe na jembe na choo. Haisemi neno juu ya mgeni mwenye fimbo. Mtu afuataye ukingo wa Malewa akivua, akifika penye ua wa shamba, bado yampasa kuuliza.

Lakini hakuna haki ya kusema habari za wageni tu. Kwa miaka mingi yamekuwapo malalamiko kwamba baadhi ya njia za umma ziendazo ziwani, zikiwemo zile za mifugo kwenda kunywa, zimezibwa kwa ua na milango. Mwenye shamba azibaye njia ya umma huvunja haki sawasawa na karani aliyepenya kati ya nyaya, na tofauti ni kwamba mmoja hukamatwa siku ileile na mwingine hukaa miaka ishirini. Wafugaji na wavuvi wenye shaka juu ya njia fulani wana mahali pa kwenda: ramani za upimaji zipo katika ofisi ya ardhi, na chifu na serikali ya kaunti wana wajibu wa kusikia shauri hilo. Waya ukikatwa usiku, asubuhi huwa kuna kesi ya uharibifu badala ya kesi ya njia, na mwenye shamba hupata faida ya bure.

Mvuvi wa fimbo, ambaye hana ng'ombe wenye kiu, anaweza kungoja. Ziko fuko za umma Naivasha ambazo mtu huingia bila kugombana na yeyote, kama vile Kamere, Karagita na ule wa karibu na mji. Huko huwapo vikundi vya usimamizi wa fuko, vijulikanavyo kwa herufi BMU, vilivyowekwa kwa kanuni za mwaka 2007. Mgeni na aende kwanza kwa viongozi wa kikundi, aseme jina lake na haja yake, na kuonyesha leseni yake ya kuvua kwa fimbo, ambayo yampasa kuwa nayo kabla ya kutia ndoana majini. Wao watamwambia mazalio yako wapi, maana sehemu hizo zimekatazwa kuvuliwa, na ni upande gani nyavu zimetegwa. Watamwambia pia viboko wamelala wapi, habari ambayo haimo katika kitabu chochote cha kuvua. Kiboko ajapoonekana mzito na mwenye usingizi, mtu asisimame kamwe kati yake na maji, na jua likikaribia kuzama aondoke ukingoni.

Kwa wavuvi wa nyavu, ziwa ni shamba. Uvuvi wa biashara ulianza hapo mwaka 1959, na familia nyingi hupata karo ya shule humo. Mgeni anayerusha kijiko chenye meno matatu juu ya maboya ya wavu wa mtu, kisha akavuta kwa nguvu kwa kuwa amenasa, huenda amerarua chakula cha juma zima. Ikitokea, na aseme mara moja na kulipa. Kadhalika vipande vya nailoni visitupwe. Furukombe na mnandi huvaa mishipi hiyo miguuni na mabawani mpaka wakafa, na chubwi la risasi likimezwa na bata humtia sumu. Kiberiti kitupu mfukoni chatosha kubeba vipande vya siku nzima.

Samaki naye ana haki yake ndogo. Besi dume huchimba kiota mahali pa maji haba, na hukaa akilinda mayai na watoto, akimrukia kila apitaye. Wakati huo ni rahisi sana kumvua, na ni aibu. Akiondolewa, perege na kamba huwala watoto katika muda mfupi. Mvuvi amwonaye besi asiyeondoka mahali pamoja hata akitishwa, na ampite. Na amrudishaye samaki majini na alowe mikono kwanza, amshike kwa kidole gumba ndani ya taya la chini, ambako meno ni kama msasa tu, wala asimtupe kama jiwe.

Yule karani wa Nakuru aliiuza fimbo yake ndefu kwa mtu aendaye Mombasa, kwa hasara. Alinunua ya futi 7 yenye vipande viwili, rili ya kawaida na minyoo ya plastiki. Baada ya miezi miwili alirudi, naye hakwenda ziwani kwanza. Alikwenda langoni, akamkuta mzee amekaa juu ya debe.

“Mzee wangu, mimi ndiye niliyepita katika waya. Nimesikia yaliyokupata. Nimekuletea mshahara wako wa siku tatu.”

Mzee alizipokea fedha, akazihesabu mara mbili, kisha akatoa noti na kumrudishia.

“Umezidisha siku moja,” akasema. “Meneja hayuko leo, kwa hiyo siwezi kukufungulia. Nenda Kamere ukamwulize mwenyekiti, umwambie wataka upande wenye migunga iliyokufa. Na uondoke kabla ya saa kumi na mbili, viboko wa huko wana watoto.”

Siku hiyo karani alikodi nafasi katika mashua pamoja na vijana wawili wa Kamere, akavua besi watatu. Wawili waliokuwa wadogo aliwarudisha. Wa tatu alikuwa na uzito wa ratili tatu, naye alimpata kando ya nguzo ya ua iliyozama, hatua chache kutoka pale aliposimama mara ya kwanza bila ruhusa.